Maoni Yetu: Kijana anayesahau si mwongo

Mzee akisahau, tunamhurumia. Akiuliza jina la mjukuu mara tatu asubuhi moja, anajibiwa mara tatu na kusogezewa kiti kivulini. Kijana wa miaka 24 akisahau, anahojiwa. Umevuta nini? Jana ulilala wapi? Hela ya kikundi umeifanyia nini? Hapa Same, kuanzia stendi hadi vijiji vya juu vinavyolala chini ya kilele cha Shengena, kijana anayepoteza kumbukumbu huhukumiwa kwanza. Hospitali hufuata baadaye, ikiwa itafuata.

Tunaona jambo hili si la haki, na ni la hatari. Kusahau kwa kijana ni dalili, na dalili huchunguzwa. Pale uchunguzi usipotoa jibu, mgonjwa hageuki kuwa mwongo kwa sababu tu vipimo havikuonyesha kitu.

Huku kwetu kusahau kuna gharama yake. Mkulima wa Vudee au Bangalala anategemea maji ya ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji. Ndiva hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, na kila shamba lina zamu yake. Aliyesahau zamu, mahindi yake hunyauka. Aliyefungulia maji siku isiyo yake huitwa mwizi, na ugomvi wa maji milimani haumalizwi kwa kusema samahani. Binti anayeshika daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, akisahau kuandika marejesho ya wanachama wawili, naye anaitwa mwizi. Dereva wa bodaboda anayesahau njiani abiria alisema anakwenda wapi hupoteza wateja, kisha hunyang'anywa pikipiki na mwenye mali. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekuwa akifundisha wenzake hesabu anaanza kurudia swali lile lile, na mwalimu anamwandikia mzazi kwamba mtoto amepoteza nidhamu. Kazi na masomo hupotea, lakini kinachotangulia kupotea ni kuaminiwa, na hicho ndicho kigumu kurudisha.

Maelezo yanayotolewa mtaani tunayajua sote. La kwanza ni bangi, mirungi na gongo. Wilaya yetu imeandikwa mara nyingi kwa sababu ya mashamba ya mirungi yanayoteketezwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, hivyo imekuwa rahisi kumtazama kijana yeyote aliyepoteza mwelekeo na kufunga mjadala hapo. Ni kweli kwamba mirungi humnyima mtu usingizi, na ubongo usiolala hauhifadhi vizuri mambo ya mchana. Ni kweli pia kwamba anayekunywa gongo kila siku bila kula vizuri huishiwa vitamini B1, na upungufu huo unaweza kuharibu kabisa sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu. Lakini hata huyo ni mgonjwa. Akiwahiwa, vitamini hiyo kwa sindano inaweza kumwokoa, na akiachwa nyumbani kwa kuwa "amejitakia", madhara yanakuwa ya kudumu. Tuhuma ya ulevi si sababu ya kuchelewesha matibabu hata kama ni ya kweli, na mara nyingi si ya kweli.

Maelezo ya pili ni kwamba amechezewa. Ametupiwa jini, ana mapepo, au lile la kuogofya zaidi, kwamba mwenyewe ameshachukuliwa msukule na huyu tunayemwona ni kivuli tu. Tunaelewa maneno haya yanakotoka. Kijana amekaa jikoni, macho yamekodoa, unamwita haitiki, midomo inatafunatafuna bila chakula, mkono unachezea kifungo cha shati. Baada ya dakika moja au mbili anarudi, amechoka, na hajui lolote lililotokea. Anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza usiku, kwa mwanga wa kibatari, lazima aogope.

Lakini madaktari wanaijua picha hiyo. Ni moja ya sura za kifafa. Wengi wetu tunadhani kifafa ni kuanguka, kutoa povu na kutetemeka mwili mzima. Kuna kifafa kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, ndani kabisa, mahali kumbukumbu mpya zinapotengenezwa, na mgonjwa wake anaweza asianguke hata siku moja. Anapotea kwa muda mfupi, anarudi, na kipande cha siku yake hakipo. Kikimpata mara nyingi, hata siku zisizo na kifafa kumbukumbu yake inadhoofika. Kijana wa namna hii anaweza kuishi miaka akiitwa mjinga, mvivu au mtu wa mashetani, wakati ugonjwa wake una dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kupatwa tena wakipewa dawa inayofaa, na kwamba dawa hiyo inaweza kugharimu kiasi kidogo cha dola 5 za Marekani kwa mwaka. Shirika hilo hilo linasema katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayohitaji.

Hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha. Mwaka 2009 katika wilaya ya Hai, mkoa wetu huu huu wa Kilimanjaro, watafiti waliwahesabu watu wenye kifafa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya nusu ya watu wazima waliokutwa nacho hawakuwa kwenye dawa. Hai ina barabara nzuri na iko jirani na Moshi. Tujiulize hali ikoje Chome, Suji, Mbaga na Mamba.

Kuna chanzo kimoja cha kifafa ambacho watu wa Upare wana sababu ya pekee ya kukielewa. Tegu wa nguruwe anaweza kuingiza viluwiluwi vyake katika ubongo wa binadamu, na huko vikaleta kifafa, maumivu ya kichwa na kusahau. Watafiti wameuona ugonjwa huu nchini, Mbulu kwa mfano. Sasa, Msabato wa Suji atasema yeye hali nguruwe, na Mwislamu wa Usangi atasema vivyo hivyo, kwa hiyo hautuhusu. Unatuhusu. Kula nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Viluwiluwi vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu huyo na kufika kwenye mboga, maji au mikono ya anayepika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa New York waliukuta ugonjwa huu kwa Wayahudi wa madhehebu yenye msimamo mkali, watu wasiogusa nguruwe maishani, na wakaona njia iliyo karibu zaidi ni wafanyakazi wa majumbani waliokuwa na tegu bila kujua. Kinga yake ni choo kinachotumika na mikono inayooshwa kwa sabuni, kwa anayekula nguruwe na asiyekula.

Sababu nyingine tuzitaje kwa haraka, kwa kuwa kila moja inastahili makala yake. Ajali ya bodaboda bila kofia ngumu, hata ile ambayo mtu aliinuka mwenyewe na kwenda nyumbani. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani Juni na Julai, baridi ya milimani inapouma na madirisha yote yamefungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na anayenusurika anaweza kuonekana amepona kisha akaanza kusahau wiki kadhaa baadaye. Sumu za kuulia wadudu zinazopulizwa kwenye nyanya na mpunga bila kinga ya mdomo wala mikono. Tezi ya shingo isiyofanya kazi. Upungufu wa damu. Virusi vya UKIMWI. Kaswende iliyokaa miaka bila kutibiwa. Na malaria ya utotoni iliyopanda kichwani: utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliona kwamba takriban mmoja kati ya wanne walionusurika alikuwa bado na tatizo la kufikiri, kukumbuka au kuzingatia miaka miwili baadaye. Mtoto huyo leo ni kijana. Mama anakumbuka kwamba aliwahi kulazwa na degedege, lakini hakuna anayemuuliza.

Katika hizo, kadhaa hupimwa kwa tone la damu katika hospitali ya wilaya, na tiba zake zipo. Ndiyo maana tunakasirika kijana anapozungushwa miezi sita kwa waganga kabla ya kipimo cha kwanza.

Kuna kundi ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote na halionekani kwenye damu. Kijana amemaliza chuo, hana kazi, amerudi nyumbani, anakaa macho hadi alfajiri akifikiria deni. Au amefiwa. Au alitendewa jambo ambalo hajamwambia mtu. Moyo uliozidiwa hausikilizi, na jambo ambalo halikusikilizwa haliwezi kukumbukwa. Sonona na wasiwasi huharibu umakini kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Wapo pia ambao akili hufunga mlango juu ya tukio zima, wasiweze kulirudia hata wakitaka. Hawa wakiambiwa "huna ugonjwa, ni mawazo tu" huumia mara mbili. Mawazo yanayomfanya mtu asijue leo ni siku gani ni ugonjwa, na Hospitali ya Mawenzi pale Moshi ina wahudumu wa afya ya akili waliosomea kazi hiyo.

Sasa tuje kwa yule ambaye amepimwa kila kitu. Ametoka Bombo hadi Same, akapewa rufaa, akasafiri kilometa 100 hivi hadi KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, akaingia kwenye mashine, familia imeuza mbuzi wawili, na jibu ni kwamba hakuna kilichoonekana. Hapo ndipo ndugu wengi huchoka. Wengine husema afadhali wangeonyeshwa uvimbe, angalau ungekuwa na jina.

Hao tunawaomba wasome habari ya Susannah Cahalan, mwandishi wa gazeti la New York Post. Mwaka 2009, akiwa na miaka 24, alianza kusahau, kushuku watu, kisha kupatwa na kifafa. Vipimo vya mwanzo havikuonyesha kitu. Daktari mmoja alidhani ni pombe, wengine wakaona ni wazimu. Aliyemwokoa, Dk. Souhel Najjar, alimpa karatasi na kalamu na kumwambia achore saa. Cahalan aliandika namba zote 12 upande mmoja wa duara. Daktari akajua kwamba nusu ya ubongo imevimba. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa inaushambulia ubongo, ugonjwa ambao kundi la Dk. Josep Dalmau lilikuwa limeueleza mwaka 2007 tu. Alitibiwa, akarudi kazini, na kipindi cha karibu mwezi mmoja hakikumbuki hadi leo. Mgonjwa kama yeye mwaka 2005, hata katika jiji lenye hospitali kubwa kama New York, angeambiwa hakuna kilichoonekana. Mgonjwa wa Same anayeambiwa hivyo leo arudi tena baada ya miezi michache, na tena hali ikibadilika. Karatasi na kalamu zipo katika kila zahanati.

Wakati akisubiri, ataishi vipi? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lenye msaada mkubwa zaidi. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutuliza kifafa chake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kushika jambo jipya. Aliishi hadi 2008, na kila mtu mpya aliyekutana naye alikuwa mgeni kila asubuhi. Mtaalamu Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku Molaison aliapa hajawahi kuiona kazi hiyo, na kila siku mkono wake uliifanya vizuri zaidi. Mikono na mazoea vina ghala lao, mbali na ghala la matukio.

Kwa hiyo kijana anayesahau asifungiwe ndani. Apewe kazi ile ile, mahali pale pale, saa ile ile, hadi mwili uizoee: kumenya tangawizi, kufuma, kushona, kupanga matofali. Funguo, simu na kitambulisho viwe na msumari mmoja ukutani na visitundikwe kwingine. Simu ya kitochi ina kengele ya kutosha kumkumbusha dawa na zamu ya ndiva. Daftari moja dogo, la mfukoni, liandikwe pale pale jambo linapotokea, kwa sababu "nitaandika jioni" kwake ni kutoandika kabisa. Awe na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, dada, rafiki au shangazi, wa kumuuliza jambo hata mara ya nne naye akajibu bila kuguna. Na hadi kifafa kitakapokanushwa au kutulizwa, asiendeshe pikipiki, asipande mti, asiachwe peke yake na moto au kisima.

Kwa wazazi, msiulize "kwani umesahau tena?" Anajua amesahau. Mwambieni tu jibu. Na mkimwona amepotea macho, mtu mmoja akae naye, mwingine atoe simu arekodi. Video ya dakika moja inaweza kumwambia daktari wa KCMC mambo ambayo mashine haikuyaona, kwa kuwa mgonjwa akifika hospitali mara nyingi yuko sawa. Andikeni pia siku na saa, alikula nini, alilala kiasi gani, anatumia dawa zipi, zikiwemo za kienyeji.

Kwa wachungaji, mashehe na waganga wa milimani tunasema kwa heshima. Ombeni, someni dua, hakuna anayewazuia. Lakini asiwepo hata mmoja atakayemwambia mgonjwa wa kifafa aache vidonge kwa kuwa ameshaombewa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa mfululizo, na kifafa mfululizo kinaweza kuua. Historia ya dini katika kazi hii ni njema kuliko hivyo: Lutindi, kule Korogwe, hospitali iliyotokana na misheni ya Kijerumani, imewapokea wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Na Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa kwa watu waliokuwa wakitengwa hata kwenye chakula kwa hofu ya kuambukiza. Aliwapa fenobabitoni, wengi wakapata nafuu, na majirani wakaona kwa macho yao kwamba ulikuwa ugonjwa kama magonjwa mengine.

Neno letu la mwisho ni kwa Halmashauri ya Wilaya ya Same. Kati ya 1955 na 1959, katika Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta, nyumba za huku zilipulizwa dawa ya dieldrini moja baada ya nyingine, na watafiti wakafika hadi vijijini kuwapima watu damu. Ikiwa jambo hilo liliwezekana wakati ule, kwa barabara za wakati ule, haiwezi kushindikana leo kuwatuma wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize swali moja katika kila kaya: kuna kijana hapa anayepoteza kumbukumbu au kupotea macho?

Watakaopatikana wasilazimishwe wote kushuka Same. Tunataka siku moja kila mwezi ya kliniki ya kifafa na afya ya akili katika vituo vya juu na vya ukanda wa Gonja na Ndungu, siku ijulikane, na itangazwe misikitini na makanisani. Tunataka fenobabitoni na kabamazepini zisikatike katika vituo hivyo, maana mgonjwa aliyeanzishiwa dawa kisha akaikosa yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa. Tunataka wakuu wa shule wapewe maelekezo kwamba mwanafunzi aliyeanza kusahau ghafla hapewi barua ya adhabu kabla ya kupewa barua ya hospitali. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai, na madiwani hukaa kupitisha bajeti miezi kadhaa kabla. Tutaisoma bajeti hiyo kifungu kwa kifungu tukizitafuta dawa hizo mbili, na tutachapisha tutakachokikuta.